Maswali ya Wasomaji: "Mama Alikubali Mwenyewe kwenye Simu"

Barua tano zilizochaguliwa kwa safu hii zinahusu jambo moja, nalo ni wauzaji wanaowapigia wazee simu nyumbani na kuwauzia vitu kwa maneno ya uongo, au kwa ukweli uliokatwa nusu. Nimezifupisha na kuondoa kila kitu kinachoweza kuwatambulisha waandishi wake.

Swali: Mama yangu ana miaka 78 na anaishi peke yake. Nilipomtembelea mwezi uliopita nilikuta chini ya kitanda chake maboksi saba ya vidonge vya maumivu ya viungo, matano kati yake hayajafunguliwa. Baada ya kumbembeleza sana alinieleza kwamba kijana mmoja mwenye sauti ya upole alimpigia simu, akamwambia kuwa boksi la kwanza ni la bure na kwamba anatakiwa kulipia usafirishaji tu, kwa kadi ya benki. Tangu hapo boksi huja kila mwezi na fedha hukatwa. Nilipoipigia kampuni hiyo nikajibiwa kwamba mama alikubali mwenyewe na kwamba sauti yake imerekodiwa. Kaka yangu anataka tumnyang'anye simu. Tufanye nini?

Jibu: Dada yangu, tuanze na fedha, kwa kuwa hilo ndilo jambo lisilosubiri. Pigeni simu benki leo hii, mama akiwa ameketi kando yako, maana akaunti ni yake na benki itataka kumsikia yeye mwenyewe akisema kwamba aliambiwa analipia usafirishaji wa boksi moja, na kwamba hakuna aliyemweleza habari ya makato ya kila mwezi. Ombeni mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kwanza, malipo yajayo kwa kampuni hiyo yazuiwe, pili, malipo yaliyokwisha kukatwa yapingwe rasmi. Kupinga malipo ya kadi kuna muda wake wa mwisho, kwa hiyo kila mwezi mnaochelewa unaweza kuliondoa boksi moja kwenye madai yenu. Na kwa sababu mama alimsomea mtu asiyemjua namba za kadi, ombeni pia kadi mpya.

Wengi hukomea hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Kuzuia malipo si kuvunja mkataba. Kampuni inaweza kuendelea kutuma maboksi, kisha ikamkabidhi mama kwa wakusanya madeni. Kwa hiyo mama aandike barua fupi, kwa jina lake na kwa sahihi yake, akisema kwamba anavunja makubaliano yoyote yanayodaiwa kuwapo, kwamba hataki kuletewa kitu kingine, na kwamba haruhusu namba yake ya simu itumike tena kwa mauzo. Barua iende kwa njia inayoacha ushahidi kwamba imepokelewa, na nakala yake ibaki nyumbani. Yale maboksi matano msiyafungue, msiyatupe, wala msiyarudishe kabla kampuni haijajibu kwa maandishi. Yapigeni picha huku lebo zenye tarehe ya kutumwa zikionekana, kisha ziwekeni picha hizo pamoja na taarifa ya benki inayoonyesha makato. Tarehe zikilinganishwa, hamtahitaji kubishana sana na mtu yeyote. Kuhusu maboksi mawili aliyokwisha kuyatumia, mpelekee daktari wake au mfamasia lebo yenye orodha ya viambato. Glukosamini, ambayo huuzwa sana kwa ajili ya viungo, inaweza kuzidisha nguvu ya warfarini, dawa ambayo wazee wengi hupewa kuzuia damu isigande, na muuzaji wa simu hakuuliza mama anameza nini.

Sasa ile rekodi. Msitishike nayo, lakini pia msiidharau, kwa sababu katika nchi nyingi makubaliano ya mdomo ni mkataba halali. Daini rekodi nzima, tangu "halo" ya kwanza, wala msikubali kusikilizishwa kipande cha mwisho peke yake. Mazungumzo ya namna hii mara nyingi huwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ndefu na tamu: mama anaulizwa habari za magoti yake, analala vipi, ana wajukuu wangapi, na ndani yake ndimo maneno "bure" na "usafirishaji tu" hurudiwa. Ya pili ni fupi: sauti hubadilika, masharti yanasomwa mbiombio kama mtu anayekimbizwa na mvua, na mwishoni anaulizwa, "Umekubali, sivyo?" Kampuni hupenda kuitoa hiyo ya pili. Ushahidi wenu umo katika ile ya kwanza, kwa kuwa kukubali kulikopatikana kwa kumdanganya mtu kunaweza kubatilishwa.

Nitoe mfano wa jinsi sheria inavyoweza kumsaidia mnunuzi. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya haki za watumiaji ya mwaka 2011 inamtaka muuzaji anayepiga simu aseme mwanzoni kabisa yeye ni nani na kwamba amepiga kwa ajili ya biashara. Mnunuzi ana siku 14 za kughairi bila kutoa sababu yoyote, na ikiwa muuzaji hakumweleza haki hiyo, muda huo huongezwa miezi 12. Aidha, kanuni za ulinzi wa data zilizoanza kutumika Mei 2018 humpa mtu haki ya kupata nakala ya taarifa zake, sauti iliyorekodiwa ikiwamo, na kwa kawaida kampuni hupewa mwezi mmoja kujibu. Penye sheria nyingine, siku na masharti hutofautiana, lakini swali la kuipelekea mamlaka ya kulinda watumiaji ni lilelile: aliyenunua kwa simu ana siku ngapi za kughairi, na zinahesabiwa kuanzia lini?

Nina neno pia kwa kaka yako. Mama hakuyaweka maboksi yale kabatini wala mezani. Aliyaweka chini ya kitanda. Alijua kwamba kuna jambo haliko sawa, huenda tangu boksi la pili, na kilichomzuia kusema ni aibu. Muuzaji anaitegemea aibu hiyo kuliko anavyotegemea ule upole wa sauti yake, kwa sababu kila mwezi wa kimya ni mwezi wa makato. Mkimnyang'anya simu mtakuwa mmethibitisha alichokuwa anakiogopa, yaani kwamba akikiri kosa atapoteza uhuru wake, na kosa linalofuata atalificha mahali ambapo hutapainamia ukapaona. Isitoshe, mzee anayeishi peke yake bila simu yuko katika hatari kubwa zaidi ya boksi la vidonge. Mwambieni kwamba watu waliomnasa ni mafundi wa kazi hiyo, wanalipwa kwa kila anayekubali, na kwamba ninyi mngeweza kunaswa vilevile. Wala si maneno ya kumfariji tu, ni kweli.

La mwisho kwako ni onyo. Namba ya mtu aliyenunua mara moja ina thamani kubwa kuliko namba ya mtu asiyejulikana, na orodha za watu wa aina hiyo huuzwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Tarajieni simu zaidi. Mojawapo huenda ikatoka kwa mtu atakayejitambulisha kama mwanasheria au afisa, ambaye, kwa ajabu, anajua kila kitu kuhusu maboksi, na anayeahidi kuzirudisha fedha zote iwapo mama atatanguliza ada kidogo. Mwelezeni mama habari za simu hiyo kabla haijalia, maana akiisikia mara ya kwanza kutoka kwa tapeli ataiona kama msaada.

Swali: Shikamoo, mwandishi. Shangazi yangu anajua kabisa kwamba wauzaji hawa wanamdanganya, lakini hawezi kumkatia mtu simu. Anasema si adabu. Juzi nilimkuta amekaa dakika 40 akimsikiliza mtu wa bima, akiihamisha simu kutoka sikio hili kwenda lile, na mwishowe akakubali "ili yule kijana apumzike". Nimfundishe vipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Adabu ya shangazi usiiguse. Amelelewa nayo na ataondoka nayo. Mwonyeshe tu kwamba anaweza kuagana na mtu kwa heshima ndani ya sekunde tano.

Kinachomponza ni kutoa sababu. Yule kijana ana karatasi mbele yake, au maandishi kwenye kioo cha kompyuta, na kila sababu ambayo mzee anaweza kuitoa imeandikiwa jibu. Shangazi akisema hana fedha, ataambiwa alipe kidogo kidogo. Akisema ana bima nyingine, ataulizwa ni ipi, kisha atasomewa kasoro zake. Akisema anataka kumwuliza kwanza mtoto wa kaka yake, atasikia sauti ileile ya upole ikimwuliza, "Kwani, mama, wewe si mtu mzima wa kuamua mambo yako?" Swali hilo ni la hila kuliko yote, kwa sababu linamfanya akubali ili athibitishe kwamba ana akili timamu. Ukimpa muuzaji sababu umempa mpini, nawe umebaki umeshika makali.

Basi achague sentensi moja isiyo na sababu ndani yake, kwa mfano, "Mimi sinunui kitu kwa simu, kwaheri." Kuijua sentensi hakutoshi, kwa hiyo ifanyieni mazoezi. Nenda chumba cha pili, mpigie, ujifanye muuzaji, na usimhurumie. Utasema, "Habari za leo, mama, nimekupigia kwa ajili ya zawadi yako." Atajibu, "Sinunui kitu kwa simu, kwaheri." Utamkatiza: "Hapana, mama, sikuuzii kitu, ni swali moja tu." Hapo ndipo pagumu, na hapo ndipo atakapotaka kukueleza. Mrudishe kwenye sentensi ileile, kisha aweke simu chini huku wewe ukiendelea kusema. Mara ya kwanza ataona vibaya, na pengine atakupigia tena akuombe radhi. Kufikia mara ya nne au ya tano atakuwa anacheka, na mkono wake utakuwa umezoea.

Kuna jambo moja ambalo hukulitaja na ambalo ningependa ulichunguze: je, shangazi anasikia vizuri? Mtu ambaye masikio yamepungua nguvu huchoka kuuliza "umesemaje?" mara kwa mara, kwa hiyo huanza kuitikia "ndiyo, ndiyo" ili asionekane kiziwi. Huko kuhamisha simu kutoka sikio hili hadi lile kumenitia shaka. Muuzaji hahitaji zaidi ya "ndiyo" tatu. Kipimo cha masikio na simu yenye sauti kubwa vinaweza kumwokolea fedha nyingi kuliko mawaidha yetu sote.

Swali: Je, hakuna njia ya kuzifunga simu hizi zisimfikie baba kabisa? Nasikia katika baadhi ya nchi kuna orodha ya watu wasiotaka kupigiwa.

Jibu: Zipo, na kama kwenu ipo, mwandikisheni. Marekani ilianzisha orodha yake ya kitaifa mwaka 2003; Uingereza nayo inayo, na huko inaweza kuchukua hadi siku 28 kabla mtu hajaona tofauti. Lakini orodha humzuia muuzaji anayeiogopa sheria, na tapeli haisomi. Ile ya Marekani, kwa mfano, haizuii hata simu za mashirika ya hisani, za wanasiasa na za watafiti wa maoni, na wapo wanaouza huku wakijifanya wanauliza maoni. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba inamrahisishia mzee uamuzi: baada ya kuandikishwa, kampuni ambayo hakuwahi kushughulika nayo ikimpigia kumuuzia kitu, tayari ameshajua ni watu wa namna gani. Ndivyo ilivyo pia kwa pensheni nchini Uingereza, ambako tangu Januari 2019 ni marufuku, isipokuwa kwa hali chache mahususi, kumpigia mtu simu asiyoiomba ili kumuuzia mipango ya pensheni yake.

Msiiamini namba inayoonekana kwenye kioo cha simu. Teknolojia ya leo humwezesha mpigaji kuonyesha namba ya benki, ya polisi, au ya jirani. Kama mpigaji amedai anatoka mahali fulani, baba akate, kisha apige mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi yake au kwenye barua ya zamani. Akitumia simu ya mezani, asubiri dakika kadhaa au atumie simu nyingine, kwa sababu katika baadhi ya mitandao laini hubaki wazi kwa muda iwapo aliyepiga hajakata, na baba atadhani anaongea na benki kumbe ni mtu yuleyule. Kuhusu simu zenye sauti iliyorekodiwa zinazosema "bonyeza tisa ili uondolewe kwenye orodha", asibonyeze chochote. Kubonyeza kunawathibitishia kwamba kuna mtu upande huu. Na sauti hizo sasa hutengenezwa kwa akili bandia, zikaweza kujibu na hata kucheka. Februari 2024 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilitamka kwamba nazo zinaingia katika sheria ya mwaka 1991 inayokataza kuwapigia watu simu za sauti bandia bila ridhaa yao.

Simu nyingi za mkononi zinaweza kupangwa zilie kwa namba zilizohifadhiwa tu, na kwa simu za mezani kuna vifaa vinavyomtaka mpigaji asiyejulikana ataje jina lake kwanza. Mimi nina wasiwasi na kufunga kabisa. Hospitali mara nyingi hupiga kwa namba ambazo hakuna aliyezihifadhi, na mgonjwa aliyekosa miadi yake hakulindwa. Afadhali simu za wasiojulikana ziende kwenye ujumbe wa sauti. Mwenye shida ya kweli ataacha maneno, na muuzaji kwa kawaida hukata.

Swali: Baba mkwe wangu ameanza kusahau. Ananunua, tunaghairi, na wiki ijayo ananunua kilekile tena. Mazoezi hayamsaidii, kwa kuwa hakumbuki kwamba tulifanya mazoezi.

Jibu: Kwake mzigo uhame kutoka kwenye kumbukumbu uende kwenye akaunti. Fedha za matumizi ya wiki ziwe katika akaunti ndogo yenye kadi yake, na akiba ikae kwingine ambako kadi hiyo haifiki. Benki iombwe kutuma taarifa ya kila malipo kwa mtu wa pili. Muhimu zaidi, mwoneni mwanasheria mapema kuhusu hati ya kumpa mtu mamlaka ya kusimamia mali yake, kwa sababu hati hiyo hutiwa sahihi na mtu ambaye bado anaelewa anachokitia sahihi. Familia nyingi huliahirisha jambo hili kwa heshima, kisha hulazimika kulipeleka mahakamani. Ombeni pia barua ya daktari inayoeleza hali yake na tarehe ilipoanza. Mkiiambatanisha na maombi ya kughairi, kampuni nyingi huacha ubishi.

Swali: Mimi ndiye mzee mnayemwandika. Nina miaka 74. Niliuziwa kwa simu bima ya matengenezo ya mashine ya kufulia, nami sina mashine ya kufulia. Nakiri nilikuwa nasinzia. Tangu watoto wangu walipogundua wananihoji kila jioni kama polisi, na mmoja amechukua nywila ya benki yangu. Nilikosea mara moja katika miaka 74. Sina haki ya kukosea?

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Unayo, na aliyechukua nywila hiyo amevuka mpaka, hata kama alifanya hivyo kwa mapenzi. Ibadilishe leo. Benki nyingi zinaweza kumpa mtu mwingine ruhusa ya kuangalia akaunti bila kutoa fedha, kwa hiyo mteue wewe mwenyewe, na awe ndiye asiyekuhubiria. Mwambie masharti yako: kwamba utampigia kabla ya kulipa kitu chochote ulichouziwa kwa simu, na kwamba yeye atakujibu bila kukugombeza, la sivyo utamteua mwingine. Wengine uwaambie kwamba mahojiano ya jioni yamefungwa.

Weka daftari na kalamu kando ya simu. Kila anayepiga kuuza, mwombe jina, kampuni, na namba ya kumpigia kesho yake, na uandike polepole huku akisubiri. Ukisinzia, angalau yeye ataamua kukata.

Ama hiyo bima, usianze kwa kuomba kughairi. Waandikie kwanza, kwa heshima zote, uwatake wakutajie kwa maandishi aina ya mashine waliyoikatia bima, namba yake, na nyumba ilimo. Wakishajibu, nitumie nakala.